SAYYID ABDALLA BIN ALI BIN NASIR: MTU ALIYEIHESABU NAFSI YAKE

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amma baad:

Ndugu zetu wa Kitui na Makueni wametuuliza swali moja kwa njia nyingi, ndani ya darsa na nje ya darsa. Mmoja asema moyo wake ni mzito wala hajui sababu. Wa pili asema usingizi umemhama tangu mifugo yake ilipokufa kwa ukame. Wa tatu, naye ni kijana, asema asali sala zake tano, lakini akitoka msikitini hatofautiani na alivyoingia. Wote wauliza, dini yetu ina dawa gani ya hali hii? Wengine hawakutungoja sisi tuwajibu. Wamekwisha kwenda kwa watu wa hirizi na wa kupunga pepo, wakatoa mbuzi, wakatoa na fedha, kisha wakarudi nyumbani na uzito wao ule ule.

Tumeona kwamba jibu lililo bora si kupanga hoja juu ya hoja. Tutasimulia maisha ya mtu mmoja wa pwani yetu, aliyeishi zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, ambaye alipatwa na msiba mkubwa kuliko wa mifugo, naye akautafutia dawa mahali ambapo wengi wetu hatupendi kutafuta, nako ni ndani ya nafsi yake mwenyewe.

NASABA YAKE

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alikuwa mtu wa Pate, mji ulioko katika kisiwa cha jina hilo, upande wa kaskazini-mashariki ya Lamu. Nasaba yake ni ya Masharifu wa ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim, mwanachuoni na mcha Mungu mashuhuri wa Inat katika Hadhramaut, aliyefariki mwaka 992 wa Hijria, sawa na 1584 wa miladi. Baadhi ya kizazi cha Sheikh huyo walivuka bahari wakaja kukaa Pate, na katika jamaa zao wakatoka walimu, makadhi na washairi. Basi Sayyid Abdalla alizaliwa katika nyumba ya elimu na heshima. Hakuwa mtu wa kutafuta jina, kwani jina alilikuta.

Wataalamu wa historia hukadiria kuwa alizaliwa yapata mwaka 1720, na kwamba alifariki yapata mwaka 1820. Kwa hesabu hiyo, umri wake ulikuwa mrefu sana, nao ulikusanya mambo mawili ambayo ni nadra mtu mmoja kuyaona yote: aliuona mji wake ukiwa katika utukufu, na akauona ukianguka.

MJI WA PATE

Msomaji wa leo akitajiwa Pate huenda asifikiri kitu. Lakini katika karne ya 18 Pate ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya mwambao huu, ikitawaliwa na wafalme wa Kinabahani. Majahazi yake yalikwenda Arabuni na Bara Hindi. Mafundi wake wa kufua fedha na wa kusuka nguo walisifika. Nyumba za matajiri zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, zikapakwa chokaa, na kutani zikachorwa zidaka ambamo walipanga vyombo vya kauri vilivyotoka Uchina.

Wala haukuwa mji wa mali peke yake. Mwaka 1728 Mwengo bin Athumani alitunga Chuo cha Herkal kwa amri ya Sultani wa Pate, nao ni katika tenzi za kale kabisa za Kiswahili tulizo nazo. Kwa makadirio tuliyoyataja, Sayyid Abdalla wakati huo alikuwa mtoto mdogo. Alikua akisikia mashairi kama watoto wetu wanavyokua wakisikia kengele za mbuzi.

Kisha fitina zikaingia. Wenye ufalme waligombania kiti, na jamaa wakauana. Uadui wa Pate na Lamu ukazidi, mpaka yapata mwaka 1813 majeshi ya Pate, yakisaidiwa na Mazrui wa Mombasa, yakateremka pwani ya Shela na yakashindwa vibaya na watu wa Lamu. Baada ya hapo watu wa Lamu waliomba himaya ya Sayyid Said wa Oman, na nguvu za mwambao zikahamia kwingine. Pate haikuinuka tena. Hata leo mwenye kufika huko huona kuta za kale zimesimama bila sakafu wala dari, na baina yake wenyeji wamelima tumbaku.

ALIVYOUPOKEA MSIBA

Sasa tutazame, ndugu msomaji, mtu huyu alifanya nini. Mji wake umeharibika. Jamaa zake na rika zake wamekufa. Nyumba alizoingia utotoni akaona taa zikiwaka, sasa zina popo na bundi. Mtu aliyefikwa na hali hiyo huwa na njia tatu zilizo nyepesi. Ya kwanza ni kulia tu. Ya pili ni kuwalaumu watu: kuwalaumu Lamu, kuwalaumu Mazrui, kuwalaumu wafalme. Ya tatu ni kujisahaulisha kwa starehe iliyobaki.

Sayyid Abdalla hakushika hata moja katika hizo. Aliugeukia moyo wake akaanza kuuhoji. Katika kuuhoji huko ndimo alimotoka utungo wake uitwao Al-Inkishafi, maana yake kufunuka, yaani kuondoka pazia lililoufunika moyo. Una beti zaidi ya 70 kwa lugha ya kaskazini ya pwani. Kila ubeti una mistari minne, na kila mstari una mizani kumi na moja. Mistari mitatu ya mwanzo ina kina kimoja, na wa nne unarudia mwisho ule ule tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho. Mwenyewe aliufananisha na koja la lulu. Hatutanukuu hapa hata mstari mmoja, kwani kusudi letu ni mwendo wa mtungaji na wala si kupamba ukurasa.

Alianza kwa jina la Mwenyezi Mungu na kwa kumsalia Mtume. Hakuanza kwa huzuni zake. Kisha akausemesha moyo wake kama mzee anavyomsemesha mwanawe aliyepotea, kwa ukali ulio na mapenzi ndani yake. Akauuliza ni jambo gani lililoughuri hata usizinduke, na ni faida gani uliyoiona katika dunia hata ukaing'ang'ania hivyo.

Akaupigia mifano. Akaifananisha dunia na mazigazi ambayo mtu mwenye kiu huyaona kwa mbali akadhani ni maji, akayakimbilia, na akifika hapati ila jua lenyewe. Sisi wa huku bara twaujua mfano huo kuliko watu wa visiwani. Nani katika sisi aliyesafiri mchana wa Septemba kutoka Mtito Andei kuja Kibwezi asiuone maji yakimeta mbele yake barabarani, na kila akisogea nayo yasogee? Akaifananisha tena na vumbi lionekanalo katika mwali wa jua unaopenya dirishani. Mtu huliona likielea na kung'ara, lakini akilishika, akifungua mkono hana kitu.

Kisha akauchukua moyo wake akautembeza katika majumba ya Pate. Akauonyesha matajiri waliolala juu ya vitanda vya fahari, wakizungukwa na taa na watumishi, na jinsi walivyohamishwa mara moja wakatiwa katika mwanandani wenye mchanga. Akauonyesha ndege waliofanya viota katika zidaka zilizokuwa na vyombo vya kauri.

Na hapa ndipo penye ushujaa wake. Hakuwataja matajiri wa watu wengine tu. Alitaja watu wa nyumba yake mwenyewe, na miongoni mwao akamtaja Ali bin Nasir, naye ndiye baba yake. Akawataja Masharifu pamoja na wafalme, na makadhi pamoja na wafanyi biashara, wote katika safu moja. Kisha akaukabidhi moyo wake habari za Akhera na za adhabu ya Moto, ili usije ukadhani kuwa mambo huishia kaburini.

Twataka ndugu zetu walizingatie jambo hili. Huyu alikuwa Sharifu, mtoto wa Masharifu. Lau nasaba ingekuwa yatosha kumtuliza mtu au kumwokoa, yeye asingekuwa na haja ya kukesha akiuhoji moyo wake. Lakini alijua kuwa hesabu ya kila mtu ni kwa amali yake. Basi anayesema leo kwamba atasalimika kwa kuwa babu yake alikuwa fulani, na ajiulize kama yeye ana haki ya kustarehe mahali ambapo Sayyid Abdalla hakustarehe.

ASILI YA MWENDO HUO

Huenda mtu akasema kuwa huu ni mtindo wa washairi tu. Sivyo. Kuihesabu nafsi, ndiko kunakoitwa muhasaba, ni jambo lililojulikana tangu wakati wa Masahaba, na Sayyidna Umar bin Al-Khattab alikuwa mashuhuri kwalo. Aliyelipanga kwa urefu ni Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijria, sawa na 1111 wa miladi. Katika robo ya mwisho ya kitabu chake Ihyau Ulumiddin aliweka vitabu vitatu mfululizo: cha kuichunga na kuihesabu nafsi, cha kutafakari, na cha kukumbuka mauti. Mwenye kuvisoma vitabu hivyo kisha akautazama utungo wa Sayyid Abdalla ataona kuwa mambo yayo hayo matatu ndiyo yaliyofumwa ndani yake.

Naye Al-Ghazali hakuyaandika hayo kwa kuyasikia. Mwaka 1095, naye ni mwalimu mkubwa kabisa wa Baghdad, ulimi wake ulifungika asiweze kufundisha, na chakula kikamshinda. Matabibu wakaona kwamba ugonjwa umeanzia moyoni na ndio uliouteremkia mwili. Akaacha cheo chake, akakaa Sham na Baitul Muqaddas, akahiji, na akajitazama miaka mingi. Lakini hakubakia pangoni. Mwaka 1106 alirudi kufundisha Nishapur. Jambo hilo la kurudi lisisahauliwe, kwani wako wanaopenda habari ya kutoka na hawaipendi habari ya kurudi.

Al-Ghazali aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Mfanyi biashara mwenye akili hufanya nini na mshirika wake? Asubuhi huwekeana naye sharti. Mchana humwangalia. Jioni hukaa naye kwa hesabu. Akimwona amepunguza, humtia adabu, humhimiza afanye kazi zaidi, na humlaumu. Hizo ni daraja sita, na ya mwisho, yaani kuilaumu nafsi, ndiyo aliyoikalia Sayyid Abdalla akaifanyia koja la lulu.

HABARI YA MWANDISHI

Mimi niliufundishwa utungo huu utotoni, nikauhifadhi beti nyingi kwa sauti nzuri, nikasifiwa. Nikausoma katika matanga ya watu, na watu wakalia, nami nikapewa kahawa. Miaka mingi nilidhani kuwa nimeujua.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Nilikuwa na ng'ombe wachache na kiduka kidogo ninachoshirikiana na mtu. Ng'ombe wakafa, na duka likaingia deni. Nikawa mkali kwa mke wangu, mkali kwa wanafunzi, na usiku silali. Kila niliyemwona nilimtwika sababu ya msiba wangu, na zaidi yule mshirika wangu. Usiku mmoja nilikuwa nimelala macho wazi, ubeti mmoja ukanijia bila kuuita, na kwa mara ya kwanza nikafahamu kuwa yule anayesemeshwa ni mimi. Nikaamka, nikatawadha, nikaketi gizani. Nikaanza kuuliza: deni hili, sehemu yangu mimi ni ipi? Sikupenda jibu nililolipata. Nilikuwa nimetoa bidhaa kwa mkopo ili nisifiwe ukarimu, na daftari sikuliandika. Asubuhi nilikwenda kwa mshirika wangu nikamtaka radhi. Mvua haikunyesha siku ile, wala deni halikufutika, lakini usingizi ulirudi.

Nimeisimulia habari hii si kwa kujisifu, kwani haina sifa ndani yake. Nimeisimulia ili ndugu zetu wajue kuwa mtu aweza kuuimba utungo wa kuihesabu nafsi kwa miaka thelathini bila ya kuihesabu nafsi hata siku moja.

MIFANO YA KWETU

Wala tusidhani kuwa magofu yako Pate tu. Katika nchi yetu ya Ukamba alikuwako Kivoi wa Kitui, mfanyi biashara mkubwa wa pembe, ambaye misafara yake ilishuka mpaka Mombasa. Mmisionari Krapf alimzuru mwaka 1849, na mwezi wa Desemba mwaka huo akauona mlima wenye theluji kutoka huku kwetu. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa safarini karibu na mto Tana, na mali yake haikumzuilia mshale. Tena wazee wetu waliipa njaa ya mwanzo wa miaka ya 1980 jina la Ni Kw'a Ngwete, maana yake nafa huku nimeshika, yaani fedha ziko mkononi na chakula hakuna. Jina hilo peke yake ni darsa. Watu waliolitoa walikuwa wametafakari.

MAFUNZO TUYAPATAYO

Kwanza, mtu na ajiwekee wakati, hata robo saa, baada ya sala ya Isha au kabla ya Alfajiri, akae pasipo maneno ya watu wala simu. Asubuhi aipe nafsi yake sharti moja lililo wazi, kwa mfano kutopandisha sauti kwa watoto wake. Usiku aiulize: sharti tumelitimiza au tumelivunja? Lililotimia amshukuru Mungu, na lililovunjika alitubie. Kama lina haki ya mtu, aende kwa mtu huyo. Hatusemi kuwa hii ni ibada mpya yenye idadi na umbo maalumu. Aliyeikusudia hivyo amezusha. Ni hesabu tu, kama ya daftari la duka.

Pili, kuihesabu nafsi si kuichukia nafsi. Sayyid Abdalla aliukaripia moyo wake kwa kuwa alitaraji kuwa utasikia. Aliyekata tamaa hakaripii, hunyamaza. Basi ukiona hesabu yako yakuvuta kwenye kukata tamaa na rehema ya Mungu, jua kuwa umeikosea hesabu.

Tatu, haifai kuifanya kuwa kimbilio la wavivu. Mwenye kutafakari na asiende shambani, na asilipe deni, na asimtazame mgonjwa wake, huyo hakutafakari, bali amelala akiwa macho.

Nne, kuna huzuni iliyo ugonjwa, kama homa ilivyo ugonjwa. Mtu akikosa usingizi majuma kwa majuma, akaacha kula, au akaingiwa na fikra ya kujidhuru, yatupasa tumpeleke kwa daktari, tukae naye, wala tusimwambie kuwa imani yake ni ndogo. Matabibu wa Baghdad walimtazama Al-Ghazali, na hakuna aliyemkufurisha kwa hilo. Kutumia dawa ni katika sunna, na kumpeleka mgonjwa kwa mpunga pepo ni kumwongezea maradhi na kumpunguzia mali.

WAPI MAJI YALIKO

Utungo wa Sayyid Abdalla uliishi baada ya mji wake. Ulinakiliwa kwa mkono kizazi baada ya kizazi, na katika wanakili wake ni Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Wageni nao waliutamani: tafsiri ya Taylor ilichapishwa mwaka 1915 katika kitabu cha Stigand, na mwaka 1939 Hichens aliutoa London. Mji ulioringia mawe umebakia magofu, na aliyeketi akauhoji moyo wake neno lake lingali linasomwa.

Ndugu zangu, nyote mmeona akina mama wetu wakati wa kiangazi katika mto Tiva na mto Kaiti. Mto umekauka, mchanga mtupu. Mpita njia asema hapana maji. Lakini yule mama hupiga magoti, akachimba kwa kata na kwa mikono, akautoa mchanga kidogo kidogo, mpaka maji yakachipuka, masafi, yaliyokuwako siku zote chini yake. Hakwenda mbali, na wala hakumpa mtu mbuzi ili amwonyeshe. Alichimba pale pale alipo.

Basi na tuchimbe. Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, amsamehe yeye na sisi, azifunue nyoyo zetu kabla hazijafunuliwa kwa nguvu, na aiteremshie nchi yetu mvua yenye manufaa. Amin.